Kukata kwa Kasi Bila Kulipoteza Jicho: Mwongozo Kamili wa Kichupa cha Dhahania kwa Wimbo wa Singeli

Nyimbo nyingi za singeli zinazopikwa Mburahati, Manzese na Tandale jijini Dar es Salaam huenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Kijana akiletewa wimbo wa aina hiyo na kuambiwa autengenezee kichupa (video ya muziki) cha dhahania, yaani cha rangi, maumbo, mwanga na michirizi badala ya hadithi, mara nyingi hushika njia iliyo karibu: kila pigo anakata, yaani anabadili picha. Wimbo wa dakika 3 wenye mapigo 220 kwa dakika unampa mikato 660. Anakesha, anamaliza, na asubuhi akikitazama anaona kichupa kimesimama. Mikato ni mingi, ila hakuna kinachokwenda.

Jicho huhisi kasi likiwa na kitu linachokifuata. Likitupiwa picha 660 zisizojuana, linaacha kufuata na kusubiri wimbo uishe. Kwa hiyo kila hatua nitakayoeleza hapa inarudi kwenye mambo mawili: kila sauti ipewe sura yake, na jicho lijue litazame wapi mkato unapofika. Nimechukua singeli kuwa mfano kwa sababu ndiyo inayombana mhariri kuliko muziki wote wa kwetu. Ukiiweza hii, amapiano na bongo fleva utazikata ukiwa umekaa kitako.

Hatua ya 1: Sikiliza, kisha andika

Usifungue programu kwanza. Mwombe prodyuza faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, si ile MP3 iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kama yuko tayari, akupe pia sauti zikiwa zimetenganishwa: kiki (ngoma nzito ya chini) peke yake, kinanda peke yake, MC peke yake. Waliokulia kwenye mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli, watakitambua kile kinanda kidogo kinachozunguka juu ya ngoma bila kuchoka. Kwenye singeli bado kipo, ila kimekatwa vipande na kukimbizwa.

Vaa hedifoni, usikilize wimbo mara tano, na kila mara ufuate sauti moja tu. Kisha chukua karatasi uigawe safu mbili. Kushoto andika sauti, kulia andika sura utakayoipa. Nikupe karatasi moja niliyowahi kuitumia: kiki ilikuwa beseni jeupe lililopigwa picha kutoka juu, duara katikati ya skrini. Kofi lilikuwa pindo la khanga likipita kutoka kushoto kwenda kulia. Kinanda kilikuwa vioo vya luva vikifunguka na kufunga. Firimbi ilikuwa mchirizi wa taa za bodaboda usiku. Sauti ya MC ilikuwa mdomo, mkono na kivuli chake ukutani. Pale muziki ulipokatika, weusi mtupu.

Familia za picha zisizidi tano au sita. Najua hamu ya kurundika kila kitu kizuri ulichopiga, na naijua inavyouma kuacha klipu nzuri nje. Iache. Mtazamaji anajifunza lugha yako katika sekunde 20 za mwanzo, na hawezi kujifunza maneno 40 katika muda huo.

Aliyeonyesha jambo hili kwa ukamilifu ni mwongozaji Mfaransa Michel Gondry, katika video ya wimbo Star Guitar wa kundi la Uingereza The Chemical Brothers mwaka 2002. Unachokiona ni dirisha la treni, na kila nguzo, jengo au daraja linalopita ni sauti fulani ya wimbo. Alipanga mpangilio wote kwenye karatasi ya mirabaraba, akaujaribu kwa kupanga machungwa, uma, kanda na viatu, ndipo akatengeneza. Humo hakuna mkato hata mmoja unaoonekana, na bado video inakwenda mbio. Itazame kabla ya kukata chochote.

Hatua ya 2: Hesabu ya fremu

Fremu ni zile picha moja moja zinazounda video. Hesabu ni moja: zidisha idadi ya fremu za kila sekunde mara 60, gawanya kwa mapigo kwa dakika. Ukifanya kazi kwa fremu 25, kumbuka 1500; kwa fremu 24, 1440; kwa fremu 30, 1800. Wimbo wa mapigo 250 kwa fremu 25 unakupa fremu 6 kamili kwa kila pigo, na hiyo ni bahati. Wimbo wa mapigo 220 unakupa 6.8, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Tazama kinachotokea. Mhariri anaona 6.8, anasema ni 7, anaanza kukata kila fremu 7. Baada ya mapigo 32 yeye yuko fremu ya 224, wimbo uko fremu ya 218. Amechelewa fremu 6, karibu pigo zima, na haijatimia hata sekunde 9. Halafu anailaumu kompyuta.

Kwa hiyo hesabu haikukatii picha. Hesabu inakuambia tu pigo lako lina nafasi kiasi gani, ili ujue mapema kama picha fulani itaonekana au itapotea. Mikato yenyewe utaiweka kwa alama, na kwa sikio.

Hatua ya 3: Tengeneza picha zako

Hapa ndipo ninapokusihi usikimbilie kupakua michirizi na moshi wa bure kutoka mtandaoni. Kila mtu anayo. Mtazamaji wa Temeke au wa Mombasa ameshaiona moto huohuo na wino uleule kwenye vichupa hamsini. Dhahania ya kwako iko jikoni, dirishani na kwenye sanduku la mama, na gharama yake ni ndogo kuliko bando utakalolitumia kupakua.

Wazo la kutengeneza picha za muziki kwa mkono ni la zamani. Mwaka 1935 Len Lye, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alipaka rangi moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu bila kutumia kamera, akaweka muziki wa dansi wa okestra ya Kikuba. Michirizi yake inacheza hadi leo. Wewe una simu inayopiga picha vizuri. Huna sababu ya kukosa.

Anza na sinia. Mimina maji, dondoshea mafuta ya nazi, weka rangi za vyakula kwenye maji yenyewe, simamisha simu juu kabisa ikitazama chini. Tumia bakuli la kioo ukitaka kuwasha tochi kutoka chini: viduara vya mafuta vitawaka kama taa. Ukigusa maji kwa kijiti chenye sabuni ya kuoshea vyombo, viduara vinakimbia ghafla pembeni. Huo mkimbio wa ghafla ni dhahabu, maana una mwanzo mkali unaoweza kuukalisha juu ya kiki.

Khanga ina mpango wake tayari: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Itundike kwenye kamba uani wakati wa upepo, sogea karibu mpaka usione tena kwamba ni khanga, upige mji ukijaa skrini nzima. Kisha vuta pindo lipite mbele ya lenzi kwa mkono, mara ishirini, kushoto kwenda kulia, halafu kulia kwenda kushoto, juu chini, chini juu. Ila kuwa makini na jina. Maandishi yoyote hulikamata jicho, na jicho likianza kusoma haliachi. Ukilionyesha jina la khanga kwa fremu 6, mtazamaji atabaki anajiuliza liliandikwaje huku picha nne zikimpita. Ama lipe sekunde nzima na nusu, ama lisiingie kabisa.

Vipande vitatu vya kioo cha kujitazamia, vyenye urefu sawa, vifungwe kwa gundi ya karatasi viwe pembetatu, nyuso zikitazama ndani. Elekeza lenzi ya simu kwenye tundu. Kila utakachokitazama, taa za barabarani, mchele kwenye ungo, uso wa msanii, kitajirudia kama ua. Mafundi vioo hukata vipande hivyo kutoka kwenye mabaki. Mwombe akupigie msasa kingo, zinakata.

Vingine nitavitaja kwa haraka: mvua kwenye kioo cha gari usiku, feni ya dari, vivuli vya miwaa, bati lililopigwa jua la saa kumi, CD ya zamani ikizungushwa chini ya tochi. Cheche za kuchomelea vyuma ni nzuri sana, lakini kaa mbali na usiutazame mwanga ule kwa macho. Miali ya leza ya kumbi za muziki usiielekezee kamera. Inaunguza sensa, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea picha, na haitengenezeki.

Sasa mambo ya kamera. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu, iwe sekunde 1/50 au 1/100 unapopiga ndani, la sivyo utaona mistari ikipanda kwenye picha. Nje kwenye jua unaweza kwenda 1/500 na kupita hapo: matone na vumbi vitaonekana vikiwa vimekatika, na mwendo utadunda badala ya kuteleza. Shata ya 1/25 inafanya kinyume, kila kitu kinachuruzika. Chagua kwa kufuata karatasi yako: sauti kavu kama kofi inapenda shata ya kasi, sauti ndefu kama kinanda inapenda michirizi.

Na kanuni ambayo sijawahi kuijutia: kila picha ipige kwa sekunde 20 au zaidi, katika ukubwa wa aina tatu, ikienda pande nne. Siku ya kukata utahitaji pindo lile lile likija kutoka kulia, na khanga itakuwa imesharudi sandukuni.

Hatua ya 4: Andaa mradi

Hii ni fupi lakini ukiikosea utarudia kazi. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilikabadilika. Ukiingiza faili hizo moja kwa moja, picha na sauti zitaachana polepole. Zipitishe kwanza kwenye programu ya kubadili faili kama HandBrake au Shutter Encoder, uchague kasi isiyobadilika. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve weka kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza faili yoyote, kwa sababu baada ya hapo haikubali kubadilishwa. Kama kompyuta inaganda, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia. Kukata kwa kasi kwenye mashine inayoruka fremu ni kujidanganya: huoni unachokikata.

Hatua ya 5: Kata wimbo kabla ya kukata picha

Weka wimbo kwenye taimulaini (mstari wa muda kwenye programu), ucheze, na uweke alama kwa kidole kila unaposikia pigo la kwanza la kila mzunguko wa mapigo manne. Kisha rudi, vuta taimulaini kwa karibu, usogeze kila alama mpaka ikae juu ya mlima wa sauti wenyewe. Hii ni kazi ya saa moja au mbili, na hakuna programu ya kukuwekea alama niliyoiona ikiielewa singeli vizuri. Ngoma zimejaa mno, nayo huhesabu visivyo pigo.

Baada ya hapo, usiingize picha. Tengeneza vibao vya rangi tupu vyenye mwanga unaolingana, kijivu, bluu iliyopoa, kijani iliyopoa, kahawia, kimoja kwa kila familia kwenye karatasi yako, na ukate wimbo mzima kwa vibao hivyo tu. Watu hushangaa ninapowaambia. Lakini ukitazama vibao vitupu, uzuri wa picha haukudanganyi tena, na mdundo wa mikato unausikia kwa macho. Ukichoka kutazama vibao, na picha zitachosha. Ukitikisa kichwa kwa vibao vitupu, kichupa kimeshapona.

Hatua ya 6: Kukata kwenyewe

Tuanze na urefu. Wimbo wetu wa mapigo 220 una fremu 27 hivi kwa kila mapigo manne. Mzunguko wa kwanza upe picha moja, fremu zote 27. Wa pili upe mbili. Wa tatu upe nne, fremu 6 au 7 kila moja kulingana na alama. Wa nne rudi kwenye moja, lakini iwe picha ambayo ndani yake kitu kinakimbia: khanga kwenye upepo, mafuta yakitawanyika. Mtazamaji ataapa kwamba mzunguko wa nne ulikuwa na kasi kuliko wote, ilhali hauna mkato. Jicho halipimi idadi ya mikato, linapima tofauti. Anayekata kila pigo kuanzia sekunde ya kwanza amejinyang'anya pa kupandia.

Kisha mahali. Jicho likiona kitu kipya pembeni huchukua karibu sehemu ya tano ya sekunde kabla ya kuanza kuhamia huko. Kwa fremu 25 hiyo ni fremu 5. Picha yako ina fremu 7. Maana yake jicho linafika na picha inaondoka, na hiki ndicho kiini cha vurugu ile ya mikato 660. Fanya hivi: simama kwenye fremu ya mwisho kabla ya mkato na uweke kidole kwenye skrini, pale jicho lako lilipo. Songa fremu moja mbele. Kitu kikuu cha picha mpya kiko chini ya kidole? Mtazamaji atakipokea papo hapo, hata kwa fremu 4. Kiko kona ya pili? Umempiga kofi. Kofi lina matumizi yake, pale ngoma inaporudi baada ya kimya kwa mfano, lakini katika mfululizo wa mikato mifupi kila kitu kikae chini ya kidole. Kuza picha, isogeze, igeuze kama kwenye kioo mpaka ikae. Duara la beseni, jicho la MC, kiduara cha mafuta, ua la vioo vitatu: vinne hivyo vikikaa katikati, kila kimoja fremu 6, vinaonekana kama kitu kimoja kinachojigeuza. Hapo ndipo dhahania inapoanza kusema.

Mwelekeo nao una kazi hiyohiyo. Pindo lililokuwa likienda kulia likikatwa, picha inayofuata nayo ianze ikienda kulia. Kinyume chake kiweke pale tu unapotaka kuvunja.

Utambulisho. Mwaka 2014 Mary Potter na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, waliripoti kwamba watu waliweza kutambua picha iliyopita kwa milisekunde 13 tu, hasa walipoambiwa mapema cha kutafuta. Fremu moja kwenye 25 ni milisekunde 40. Kwa hiyo fremu moja huonekana, hasa kwa anayejua anatafuta nini, na mtazamaji wako hajaambiwa. Mwambie kwa picha yenyewe: beseni liingie mara ya kwanza kwa fremu 27, mara ya pili kwa 14, mara ya tatu kwa 7, na ikifika kiitikio cha mwisho lipite kwa fremu 2. Litaonekana, kwa sababu analijua. Picha mpya kabisa ya fremu 2 katikati ya wimbo ni kazi uliyoitupa.

Mwisho, mkato usikae juu ya pigo kamili. Usogeze fremu moja mapema. Ubongo huichakata sauti haraka kuliko picha, na mkato uliokaa sawasawa na pigo huelekea kuhisiwa umechelewa. Na kama picha ina tukio lake, tone kugonga maji, mkono kugonga meza, basi tukio ndilo likae kwenye pigo, mkato utangulie kwa fremu 2 au 3. Jaribu yote mawili ukiwa na hedifoni. Utalijua lililo sahihi mwilini kabla ya kulijua kichwani.

Hatua ya 7: Msanii na uso wake

Msanii amelipa, anataka kuonekana, na ana haki. Usimnyime uso wake kwa jina la sanaa. Kaa naye kabla ya siku ya kupiga, mwonyeshe karatasi yako, mwambie uso wake ni mojawapo ya familia, tena ndiyo familia ya sauti yake. Wengi huelewa wakiona kwamba vingine vyote vinamzunguka yeye.

Kuna mbinu moja ya plebeki (msanii kuigiza mdomo juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa) inayoifaa singeli kuliko muziki mwingine wowote. Punguza kasi ya wimbo iwe nusu, mpigie msanii kwa spika, aigize mdomo kwa mwendo huo wa taratibu huku ukirekodi kwa kasi ya kawaida. Kwenye programu ongeza kasi ya klipu mara mbili. Mdomo unakaa sawasawa na wimbo halisi, lakini mwili, nguo na vumbi vinakwenda kwa kasi isiyo ya binadamu. MC anayetema maneno kwa mapigo 220 pia atakushukuru, kwa kuwa kwa nusu ya kasi anaweza kutamka kila neno mbele ya kamera bila kukwama.

Kukagua kama mdomo umekaa, tafuta herufi b, m na p. Kwenye herufi hizo midomo lazima ifunge. Zikikaa hizo, zilizobaki zitafuata.

Hatua ya 8: Usimwumize mtu

Tarehe 16 Desemba 1997 nchini Japani, kipindi cha katuni za Pokémon kilionyesha mwanga mwekundu na wa bluu ukipishana mara 12 hivi kwa sekunde. Karibu watu 700, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitali. Wapo watu wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga wa kumeta, na wengine hawajijui mpaka siku hiyo. Kichupa chako kitachezwa kwenye ukumbi wenye giza na skrini kubwa, na kwenye simu ya mtoto iliyo sentimita 20 kutoka usoni. Hatua hii si hiari.

Kipimo kinachokubalika, kilichomo pia kwenye miongozo ya tovuti ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ni mimweko isiyozidi 3 katika sekunde yoyote. Mmweko mmoja ni kwenda na kurudi: giza kwenda mwanga, mwanga kurudi giza. Wekundu mkali ni hatari zaidi, na michirizi minene inayopishana nyeusi na nyeupe nayo ina hatari yake. Sasa piga hesabu. Ukikata giza na mwanga kwa kupokezana kila pigo la wimbo wa mapigo 220, una mabadiliko 3.7 kwa sekunde, yaani mimweko isiyofika 2. Upo salama, ila kwa karibu. Ukikata kila nusu ya pigo, ni mimweko 3.7. Umevuka.

Dawa yake ni ileile inayokipa kichupa ubora: picha zinazopokezana haraka ziwe na mwanga unaolingana, zitofautiane kwa umbo na kwa rangi. Ondoa rangi zote kwenye taimulaini, iwe nyeusi na nyeupe, ucheze. Pale skrini inapopepesa, rekebisha mwanga wa klipu, au fanya eneo linalomweka liwe dogo tu kwenye skrini. Onyo la maandishi mwanzoni ni vizuri kuliweka, lakini haliondoi wajibu huu. Mtu aliyeko ukumbini hakusoma.

Hatua ya 9: Rangi

Chagua rangi tatu na uzishike. Ukiwa umepiga vitu vyako mwenyewe, mwanga uleule na khanga zilezile, kazi imeshafanyika nusu. Nyeusi ya picha zote ilingane kwanza. Jicho husamehe rangi iliyopotoka kidogo, ila weusi unaobadilika kila fremu 6 huuona mara moja.

Hatua ya 10: Kutoa faili

Mitandao huibana video kwa kulinganisha fremu na iliyotangulia na kuhifadhi kilichobadilika tu. Kwenye mahojiano ya mtu aliyekaa kitini kinachobadilika ni kidogo. Kwako wewe kila fremu 7 kila kitu kimebadilika. Ndiyo maana vichupa vya kasi huvurugika na kuwa vibumba vya mraba mara tu vinapopandishwa, ilhali kwenye kompyuta vilikuwa safi.

Punguza chembechembe za bandia ulizoziongeza kwa mapambo. Kila chembe ni mzigo. Kwa video ya 1080p YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde, na kwa 4K ya fremu za kawaida megabiti 35 hadi 45. Hata kama ulikata kwa 1080p, ikuze uitoe 4K kabla ya kuipandisha: YouTube itaipa kodeki (njia ya kubana video) bora zaidi na mikato itapona. Gharama yake ni bando. Dakika 3 kwa megabiti 40 ni kama MB 900, kwa megabiti 8 ni MB 180. Tafuta mahali penye intaneti ya uhakika, upandishe usiku. Ukimtumia msanii kwa WhatsApp aikague, itume kama waraka, usiitume kama video, la sivyo atakupigia simu akilalamikia ukungu ambao hukuuweka wewe.

Kisha toka nje na simu ya kawaida, si ile yako nzuri, saa nane mchana juani. Mpe mtu ambaye hakuwahi kuuona mradi, jirani, muuza vocha, shangazi. Acheze mara moja tu. Usimwulize kama ni kizuri, atakwambia ni kizuri. Mwulize ameona nini. Akikutajia beseni, khanga na yule kijana anayeimba, kitoe. Akisema ameona rangirangi zinakwenda mbio, rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza, futa familia mbili, na uanze tena na vibao.